Barua ya wazi kwa wakuu wa mashirika ya umeme: kamera ya korona isitumwe kwenye jua kali kisha tukaridhika

Waheshimiwa wakurugenzi, wakuu wa idara za usafirishaji umeme, na ninyi nyote mnaosaini ratiba na bajeti za matengenezo ya njia za msongo mkubwa,

Salaam.

Ninawaandikia kwa sababu ya sentensi moja niliyoiandika mimi mwenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa ripoti ya ukaguzi, nayo ilisema: "Hakuna korona wala cheche zilizoonekana." Korona hapa si ugonjwa; ni mwanga hafifu wa umeme unaovujia hewani, unaotafutwa kwa kamera maalumu. Nilikuwa nimetembea chini ya njia ile ya umeme siku tatu nikiwa na kamera hiyo begani, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, katikati ya kiangazi, jua likiwa limekausha hata majani ya chini ya minara. Hakuna mnara niliouruka. Kila mnyororo wa vikombe, yaani vihami vinavyoning'iniza waya na kuzuia umeme usipite kwenda kwenye mnara, niliutazama juu hadi chini. Sentensi ile ilikuwa kweli. Lakini ilipofika ofisini ilisomwa kwa maana nyingine kabisa: vikombe ni vizima, njia iko salama, kazi ya kuviosha isogezwe mwakani. Wiki chache baadaye, usiku wa ukungu wa kwanza baada ya ukame, umeme uliruka kwenye vikombe vya minara mitatu. Njia ikajikata, ikarudishwa, ikajikata tena.

Nilirudi pale na kamera ileile, safari hii saa kumi na moja alfajiri, umande ukidondoka kutoka kwenye vyuma. Vikombe vilevile nilivyoviandikia kwamba havina kitu vilikuwa vimejaa madoa ya mwanga kwenye skrini, yanazuka na kuzimika, yanahama kutoka kikombe hiki kwenda kile. Bila kamera ungesikia mchakarisho tu. Saa tatu baadaye jua lilipopanda, madoa yalipungua moja baada ya jingine, na ilipofika saa nne na nusu skrini ilikuwa safi kama ile ya siku zangu tatu za kwanza. Vikombe havikuwa vimepona. Vilikuwa vimekauka.

Sitaji njia ile wala shirika lake, maana nimefanya kazi na mashirika kadhaa na nimeikuta ratiba ileile kote: kamera hutoka kabatini mara moja kwa mwaka, saa za kazi, gari linapopatikana. Nawaomba mlibadilishe hilo, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Nianze na kifaa chenyewe, kwa kuwa wengi wenu mmeidhinisha ununuzi wake bila mtu kukaa nanyi akawaeleza kinafanya nini. Umeme wa msongo mkubwa ukibanwa kwenye ncha kali, kwenye pini iliyochomoza au uzi wa waya uliokatika, hewa iliyo jirani na ncha hiyo huelemewa. Hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari huvumilia karibu kilovolti 30 kwa kila sentimita. Ikizidishiwa hapo huanza kuachia umeme upite. Mhandisi Mmarekani F. W. Peek alichapisha kanuni ya jambo hili mwaka 1911, na wasanifu wa njia hadi leo huanzia kwake. Hewa ikiwa nyepesi, kama ilivyo nyanda za juu, korona huanza kwa volti ndogo zaidi. Uso wa waya ukiwa na mikwaruzo, vivyo hivyo. Neno korona maana yake ni taji, na aliyewahi kuiona kwenye giza nene anaelewa jina lilikotoka: mwanga hafifu wa rangi ya zambarau unaoivika ncha ya chuma.

Mwanga huo hutolewa na naitrojeni ya hewani, na sehemu yake kubwa jicho haliioni. Iko kwenye urujuanimno, kati ya nanomita 280 na 400 hivi. Mchana jua nalo humwaga urujuanimno huohuo, tena kwa wingi usiolinganishika, hivyo kuitafuta korona hapo ni kutafuta kibatari mbele ya tanuri. Upenyo uliopatikana ni mzuri mno. Tabaka la ozoni juu angani hunyonya karibu miale yote ya jua iliyo chini ya nanomita 280. Kwa hiyo huku ardhini, katika kipande cha 240 hadi 280, mchana wa jua kali ni giza. Korona hutoa mwanga kidogo sana katika kipande hicho, lakini ndio mwanga pekee uliopo. Kamera huchuja vyote vingine, hukikuza hicho kidogo mpaka fotoni, yaani chembe za mwanga, mojamoja zionekane kama madoa, kisha huyaweka madoa hayo juu ya picha ya kawaida ili fundi ajue ni kikombe cha ngapi kutoka juu. CSIR, taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, ni miongoni mwa waliotangulia, kwa kamera zao za CoroCAM tangu miaka ya 1990. Leo zipo zinazobebwa na droni na helikopta.

Ni kifaa ninachokipenda, na ndiyo maana inaniuma kuona kinapewa swali kisichoweza kulijibu.

Fikirini jinsi kikombe kinavyochafuka. Vumbi la barabara, chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, saruji, moshi wa viwanda, mbolea ya mashambani, kinyesi cha ndege: vyote hutua na kulala juu yake. Vikiwa vikavu havipitishi umeme wa kutisha, na kamera haitaona lolote hata ukipiga kambi hapo juma zima. Umande ukishuka, chumvi iliyomo huyeyuka na uso wote wa kikombe unageuka njia. Mkondo mdogo huanza kutambaa. Unapotambaa hupasha joto, na pale njia inapokuwa nyembamba, karibu na shina la kikombe, unyevu hukauka kwanza na kuacha pete kavu. Volti iliyokuwa imeenea urefu mzima wa kikombe sasa hujikusanya kwenye pete isiyozidi upana wa kidole. Hewa haiihimili, cheche inaruka. Pete hulowa tena, hukauka tena, na cheche hurudi. Uchafu ukiwa mwingi vya kutosha, cheche hurefuka, huungana kikombe kwa kikombe, na ndipo mnaposikia kwenye simu kwamba njia imekatika.

Mvua kubwa haileti hatari kama ukungu, kwa kuwa mvua kubwa huosha. Wakati mbaya ni ule wa rasharasha, umande na ukungu baada ya miezi ya vumbi. Wahandisi wenu wanaochagua vikombe kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60815 wanalijua hili vizuri. Hupima uchafu wa eneo kabla ya kuamua umeme utalazimika kutambaa umbali gani juu ya uso wa kikombe. Maarifa hayo yamo ndani ya jengo lenu. Hayajamfikia anayepanga magari.

Hapa lazima niwe mwangalifu, nisije nikaeleweka kwamba ukaguzi wa siku kavu hauna kazi. Unayo, na ni kubwa, ila hujibu swali jingine. Korona inayoonekana siku kavu haitokani na uchafu. Inatokana na umbo: pete ya chuma ya kusambaza msongo iliyofungwa vibaya, pini iliyokaa nje, klampu yenye ukingo mkali, waya ulioachwa na mkia. Korona ya aina hiyo huwaka usiku na mchana, mwaka mzima, mara 100 au 120 kila sekunde kadiri wimbi la volti linavyopanda kilele upande huu na upande ule. Nayo mvua ikinyesha, kila tone lililoning'inia chini ya waya hugeuka ncha na kutoa korona yake, na skrini hufurika mwanga usio na kosa lolote ndani yake. Kwa hiyo siku kavu ni ya kutafuta makosa ya vyuma, na alfajiri yenye unyevu ni ya kutafuta uchafu wa vikombe. Mvua inaponyesha, kaeni nyumbani. Njia moja inahitaji safari mbili zenye masharti mawili tofauti, na ripoti ya safari moja haiwezi kuitolea ushahidi safari nyingine.

Nimewahi kuambiwa, na mtu ninayemheshimu, kwamba haya yote hayahitajiki kwa sababu shirika lina kamera za joto. Kamera ya joto ni nzuri sana kwa kazi yake. Inafuata mkondo: kiungo kilicholegea hupata moto kadiri mzigo unavyoongezeka, na picha huonyesha. Korona haifuati mkondo, inafuata volti. Njia iliyowashwa bila mzigo wowote haina kiungo cha moto, lakini korona yake iko palepale. Joto la korona ni dogo kiasi kwamba, ukitazama kutoka chini ya mnara, kamera ya joto mara nyingi haioni kitu. Kila moja ina upofu wake, na upofu wa moja haufunikwi na nyingine. Zinafanana kwenye jambo moja tu, ambalo limewagharimu wengi: zote mbili hazioni kupitia kioo cha kawaida cha dirisha. Kabati la swichi lenye dirisha la kioo cha kawaida haliwezi kukaguliwa hivyo, hata mkaguzi akisimama hapo mchana kutwa. Kioo hicho huzuia urujuanimno wa kipande tunachokihitaji, na huzuia pia miale ya joto. Ninyi ndio mnaoagiza makabati. Agizeni yenye madirisha yaliyokusudiwa kazi hii.

Sasa niseme kuhusu ile namba. Kamera nyingi huonyesha pembeni mwa skrini idadi ya fotoni kwa dakika. Namba hupendwa na kila anayesoma ripoti, kwa sababu inaweza kuwekwa kwenye jedwali na kupakwa rangi. Nimeona maagizo yanayosema chini ya namba fulani ni kijani, juu yake ni nyekundu. Tafadhali yafuteni. Ukisogea mbali mara mbili, namba hushuka hadi robo, na kosa ni lilelile. Ukiongeza ukuzaji wa kamera, yaani kiasi inavyokuza mwanga, namba hupanda. Cheche zikiwa nyingi mno, madoa huungana kuwa doa moja kubwa na kamera huhesabu machache kuliko yaliyopo, hivyo mnara ulio hatarini zaidi unaweza kuonekana mtulivu kuliko jirani yake. Kamera za watengenezaji wawili hazitoi namba moja mahali pamoja. Unyevu wa hewa na mwinuko wa eneo navyo hugusa. Namba ina maana pale tu unapolinganisha kitu na jirani yake, kwa kamera ileile, umbali uleule, ukuzaji uleule, saa ileile. Awamu nyekundu, njano na bluu za mnara mmoja, yaani nyaya zake tatu, zikilinganishwa hivyo, moja ikiwaka na mbili zikiwa kimya, hapo namba imesema kitu.

Swali linalotakiwa kuulizwa kwanza ni hili: korona iko wapi, na inaunguza nini? Korona kwenye ncha ya bomba la alumini kituoni inaweza kupiga kelele, ikasumbua redio, ikapoteza umeme kidogo, na bado ikaishi hivyo miaka bila kuvunja chochote. Korona ileile, yenye fotoni chache zaidi, ikiwa imelamba mpira wa silikoni wa kihami, ni jambo la kushughulikiwa mapema.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye vihami hivi vya mpira, kwa kuwa mnavinunua kwa wingi na vina sababu nzuri za kununuliwa. Ni vyepesi, havivunjwi na mawe kirahisi, na mpira wake hukataa maji, hivyo hustahimili uchafu kuliko kauri na kioo. Lakini kioo kikiharibika hupasuka na kudondoka, na hata mtoto aliye chini anaona pengo. Kihami cha mpira huharibika kimya. Ndani yake kuna fimbo ya nyuzi za kioo inayobeba uzito wote wa waya. Mpira ni koti tu. Korona ikiuchoma mpira siku baada ya siku, kwanza huupotezea ile tabia ya kukataa maji. Kisha huutafuna. Korona hutengeneza ozoni na oksidi za naitrojeni, na oksidi hizo zikikutana na unyevu hugeuka asidi ya nitriki. Koti likipasuka, asidi huifikia fimbo. Nyuzi hukatwa polepole na tindikali, sehemu iliyokatika ikionekana laini kama iliyopigwa msumeno, na siku moja fimbo huachia na waya hushuka chini. Waya wa msongo mkubwa ukishuka chini, hakuna ratiba itakayourudisha juu kabla haujafanya ulichofanya.

Kinachozuia haya ni pete ya chuma inayofungwa kwenye ncha ya kihami upande wa waya, ili msongo usambae badala ya kujikusanya kwenye mpira. Ni kitu rahisi sana. Na nimeikuta imefungwa kichwa chini. Nimeikuta imepinda kwa sababu mtu aliikanyaga kama ngazi wakati wa kuvuta waya. Nimekuta haipo kabisa, mnara mzima, awamu zote tatu. Kwa darubini ya kawaida pete iliyogeuzwa haionekani kama kosa, inaonekana kama pete. Kwa kamera ya korona, siku kavu, kosa hujulikana ndani ya sekunde kumi.

Kwa hiyo naomba jambo ambalo halihitaji kifaa kipya. Njia mpya au kituo kipya kikiwashwa kwa mara ya kwanza kwa volti yake kamili, kikaguliwe kwa kamera ya korona kabla hati ya makabidhiano haijasainiwa, na video za kila mnara ziwe sehemu ya hati hiyo. Pete iliyogeuzwa ikigunduliwa siku hiyo ni mzigo wa mkandarasi, yuko hapohapo na watu wake na magari yake. Ikigunduliwa baada ya miaka saba ni mzigo wenu, njia imeshabeba watu wengi na kuizima kunahitaji vikao. Tena video hizo zitakuwa kipimo cha kwanza. Mkaguzi wa mwaka wa tano atajua kama doa analoliona limezaliwa jana au lilikuwepo tangu mwanzo. Nimetumia saa nyingi za maisha yangu nikibishana juu ya madoa ambayo umri wake hakuna aliyeujua.

Jambo la pili halihusu mashine bali watu. Mafundi wanaofanya kazi kwenye njia iliyowashwa hupanda mnara wakiamini kwamba kihami kilicho kati yao na waya ni kihami kweli. Kihami cha mpira kilichotafunwa, chenye njia ya kaboni ndani yake, kinaweza kushika volti leo na kushindwa dakika fundi anapoongeza fimbo yake pembeni. Kabla kikosi hakijapanda, kamera itazame mnara ule kutoka chini, pande zote, kwa dakika kumi. Dakika kumi. Kama kuna mwanga kwenye mpira, kazi isimame hadi njia izimwe. Ninaomba hili liwe agizo lenye saini yenu, lisiachwe kwa busara ya msimamizi anayepigiwa simu kila nusu saa kuulizwa lini kazi itaisha.

Kuna mahali kamera hii haifai, na ni vizuri mjue, msije mkaitegemea huko. Haioni kilicho ndani. Cheche ndogo zinazotafuna insulesheni ndani ya transfoma yenye mafuta, ndani ya kebo, ndani ya chumba cha gesi, zinatafutwa kwa vipimo vingine, kama vile vya IEC 60270. Haioni pia nyuma ya kona. Cheche ikiwa upande wa pili wa kikombe, hakuna picha, na ndiyo sababu mkaguzi anayesimama mahali pamoja kwa kila mnara ameona nusu ya mnara. Mwanga wa urujuanimno hurudishwa na chuma king'aavu, hivyo doa linaweza kuonekana mahali pasipo na kosa. Dawa yake ni kuhama hatua chache na kutazama tena. Mtu anayechomelea vyuma jirani ataijaza skrini. Haya hujifunzwa kwa kushika kamera, hayajifunzwi kwenye karatasi.

Kwenye majenereta, hata hivyo, ina kazi ambayo mashirika mengi hayajaanza kuitumia. Zamani ncha za koili za stata, sehemu ya jenereta isiyozunguka, zilikaguliwa kwa kuzima taa zote, kuziba kila upenyo, kusubiri macho yazoee giza, kisha watu kusimama ndani ya chumba chenye volti kubwa wakitafuta mwanga wa zambarau. Mwaka 2012 IEEE, jumuiya ya wahandisi wa umeme, ilitoa mwongozo wake namba 1799 kuhusu upimaji wa cheche za nje kwenye koili za stata, na kamera ya urujuanimno imo. Taa zinabaki zimewashwa. Mtu anaona anapokanyaga. Kama mnayo kamera ya njia na mnayo mitambo ya kuzalisha, basi tayari mnayo kamera ya jenereta pia.

Kuhusu kamera za sauti nitasema machache. Hizi hutumia maikrofoni nyingi zilizopangwa kwenye bapa moja, na kwa tofauti ndogo za muda wa sauti kufika kwenye kila maikrofoni huchora mahali cheche inapolia, hata kwa masafa ambayo sikio halisikii. Ni nzuri vituoni, na zinaweza kusikia kupitia matundu ya kabati ambako mwanga hautoki. Upepo huzisumbua, na ukuta hurudisha sauti na kuzidanganya. Zinunueni, ila zisiwe sababu ya kuiacha ile ya urujuanimno kabatini.

Mafunzo nayo. Nimeona kamera ya thamani kubwa ikikabidhiwa kwa kijana mzuri, mwenye bidii, baada ya asubuhi moja ya maelezo kutoka kwa muuzaji. Hakufundishwa kushusha ukuzaji hadi doa lijikusanye kwenye chanzo chake. Hakuambiwa kwamba picha moja iliyoganda haina maana, kwa sababu cheche huzuka na kutoweka, na inayotakiwa ni video ya angalau nusu dakika. Alirudi na picha mia mbili. Kosa halikuwa lake. Mpeni mtu huyo msimu mzima akiongozana na mkaguzi mzoefu, kavu na unyevu, kabla hamjamwachia njia peke yake, na mkishamfundisha msimhamishie idara nyingine.

Najua ukaguzi wa alfajiri una gharama zake: posho za usiku, usalama barabarani, madereva wanaohitaji kulala. Najua pia utabiri wa hali ya hewa haufuati robo za mwaka za bajeti. Ndiyo maana siombi tarehe. Ninaomba ruhusa: kikosi kidogo chenye gari lake, kilichoidhinishwa mapema kwamba, utabiri ukionyesha ukungu au umande mzito baada ya kipindi kirefu cha ukavu, kitoke usiku huohuo bila kusubiri barua, kielekee sehemu zilizo karibu na bahari, viwanda, machimbo na barabara za vumbi. Sehemu nyingine za njia zinaweza kusubiri.

Na jambo la mwisho ni fomu. Ile ninayoijua ina kisanduku kimoja: "Korona: ipo / haipo." Ondoeni kisanduku hicho. Mahali pake wekeni saa ya kutazama, unyevu wa hewa, siku zilizopita tangu mvua ya mwisho, umbali kutoka kwa mkaguzi hadi kihami, ukuzaji wa kamera, pande zilizotazamwa, na volti iliyokuwa kwenye njia saa hiyo. Kisha nafasi ya kuandika kilichoonekana na ni juu ya kitu gani. Ripoti yangu ya siku zile tatu ingejazwa kwenye fomu kama hiyo, yeyote wenu angeona bila kuuliza: saa sita mchana, unyevu haba, miezi bila mvua. Angejua kwamba vikombe bado havijakaguliwa, na kazi ya kuviosha isingesogezwa.

Fomu inaweza kubadilishwa wiki hii. Sisi wa uwandani tuko tayari kuamka saa tisa usiku.

Wenu katika kazi,

Fundi sanifu, mkaguzi wa njia za msongo mkubwa